P0141 imerudi baada ya kubadilisha sensa

Mkuu, umesema umefunga sensa mpya ya oksijeni ya Kariakoo na msimbo wa hitilafu P0141 ukarudi siku ya pili. Msimbo huo hausemi sensa ni mbovu, unasema saketi ya hita ya sensa ya nyuma ina hitilafu. Waya na fyuzi vimo humo, na fyuzi ndiyo ya kwanza kuangalia.

Chomoa plagi ya waya za sensa, injini ikiwa imepoa. Waya mbili za rangi moja upande wa sensa kwa kawaida ndizo za hita. Pima ukinzani kati yake. Sensa nyingi za chapa ya Denso za aina hii husoma kama oms 11 hadi 16 ikiwa baridi. Mita ikionyesha hakuna mpito, hita imekatika hata kama sensa ni mpya.

Hita ikiwa nzima, washa injini upime plagi ya upande wa gari: waya mmoja wa hita uwe na takriban volti 12 ukipima kati yake na bodi ya gari. Wa pili unaenda kompyuta ya injini, ambayo ndiyo huupa asi (njia ya kurudi bodi). Zima, toa terminali ya betri na plagi ya kompyuta, upime waya huo mwisho hadi mwisho huku ukiutikisa. Ukinzani wake usizidi om 1, wala waya huo usiwe umegusana na bodi.

Chunguza hasa pale waya unapopita karibu na ekzosi, na pini zenye kutu ya kijani, hasa kama gari limepita kwenye maji ya Jangwani, Dar. Waya za sensa yenyewe usizilehemu: sensa nyingine huvuta hewa kupitia ndani ya waya hizo.