Kwa nini nilimzuia kaka barazani ingawa sote tulikuwa tumechanjwa

Wiki iliyopita msomaji mmoja wa Muheza aliniandikia akiuliza kama kuna haja ya kuvaa barakoa anapomuuguza baba yake, ilhali nyumba nzima imekwisha kuchanjwa dhidi ya UVIKO-19, yaani korona. Haja ipo, na jambo hilo mimi liliwahi kunigombanisha na ndugu zangu.

Rais Samia Suluhu Hassan alizindua chanjo ya UVIKO-19 tarehe 28 Julai 2021, na chanjo iliyoanza kutolewa nchini ilikuwa ya Janssen, ya dozi moja. Nilichanjwa mapema hapa Tanga pamoja na mama yangu, ambaye ana kisukari na presha. Baadaye mwaka huohuo kaka yangu mkubwa alitoka Dar es Salaam kuja kumjulia hali mama, akiwa na mafua na kikohozi. Nilimwekea kiti barazani, nikampa barakoa na kumwomba azungumze na mama kupitia dirishani. Akasema kwa sauti, majirani wakisikia: “Mimi nimechanjwa, mdogo wangu. Unaniona nina uchafu gani?” Aliondoka bila kugusa chai. Shangazi zangu wakanipigia simu mmoja baada ya mwingine, wakidai kwamba nimemvunjia heshima mkubwa wangu. Siku chache baadaye alipima, akakutwa na virusi. Mama hakuugua. Ninajivunia uamuzi ule mpaka leo, na bado inaniuma kwamba katika wote walionikemea hakuna aliyerudi kuniambia hata neno moja.

Kaka alikuwa mkweli, alichanjwa kweli. Lakini chanjo huufundisha mwili kupambana na virusi, nayo haizibi pua wala koo, ndiyo maana aliyechanjwa anaweza kuambukizwa, akapata mafua mepesi na kumwambukiza mwingine. Katika majaribio makubwa ya Janssen, siku 28 baada ya sindano, kinga dhidi ya ugonjwa wa wastani hadi mkali ilikuwa takriban asilimia 66, na dhidi ya ugonjwa mkali asilimia 85. Hiyo ni kinga ya kuokoa maisha, nami ninamsihi kila mtu achanjwe. Hata hivyo, hupungua kadiri miezi inavyopita, na kwa wazee na wenye kisukari mara nyingi mwili hauitikii chanjo kwa nguvu ileile. Ndivyo ilivyo hata kwa chanjo nyingine: watoto wa Korogwe, mkoani kwetu, walioshiriki majaribio ya chanjo ya malaria ya RTS,S hawakuambiwa waache vyandarua.

Kwa hiyo, ndugu zangu, ukiwa na mafua usiingie chumbani kwa mgonjwa. Kama wewe ndiye unayemuuguza na huna wa kukupokea, vaa barakoa inayofunika pua na mdomo, nawa mikono kwa sabuni, fungua madirisha. Mgeni akinuna, mwache anune, kwani mapafu ya mzazi wako yana haki kubwa kuliko kinyongo cha mtu mzima. Nawe wa Muheza, mwekee mgeni kiti nje kabla hajafika, ili asilazimike kuzuiwa mlangoni.