Mama kando ya kitanda cha mtoto

Ndugu, umeuliza kwa nini mchoro wa Berthe Morisot, mchoraji wa Kifaransa, uitwao Le Berceau (yaani kitanda cha mtoto mchanga) wa mwaka 1872, unasifiwa hivyo wakati ni mama tu amekaa na mtoto aliyelala. Mtazame kwanza huyo mama. Ni Edma, dada mkubwa wa mchoraji, na mtoto ni bintiye, Blanche. Edma naye alikuwa mchoraji. Walifundishwa pamoja tangu usichana, lakini alipoolewa na ofisa wa jeshi la majini mwaka 1869, uchoraji ukaishia hapo. Ukishalijua hilo, huwezi tena kuuona uso wake kama furaha tupu. Mimi naona upendo, uchovu, na mawazo yaliyo mbali na chumba kile.

Halafu sogea kwenye chandarua. Si cheupe tu. Kina kijivu, buluu na waridi kidogo, kwa brashi nyepesi mno hadi sura ya mtoto inaonekana nyuma yake. Mkono wa kushoto wa mama umekunjwa sawasawa na mkono wa mtoto, na jicho lako linateremka kwa mshazari kutoka kwake hadi kwa mwanawe. Hapo ndipo ufundi ulipo.

Mchoro huu ulionyeshwa Paris mwaka 1874 katika maonyesho ya kwanza ya Waimpreshonisti, wachoraji waliopenda kunasa mwanga na hisia za papo hapo kwa brashi nyepesi. Haukupata mnunuzi, ukabaki kwenye familia hadi Louvre, jumba la makumbusho la Paris, lilipoununua mwaka 1930. Sasa uko Musée d'Orsay, jumba jingine la makumbusho la Paris.