Unga mweupe juu ya dari ya Cessna 210

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi na kaka yangu tulinunua ndege ndogo, Cessna 210 ya mwaka 1974, ilikuwa imekaa tu kwenye hanga karibu na bahari miaka mingi, rangi bado inang'aa na injini tulipoiwasha ikashika vizuri. Juzi tukabandua kitambaa cha dari tuweke kipya, tukakuta sponji imegandishwa kwa gundi kwenye ule mhimili unaopita juu ya vichwa, tulivyoivuta ikatoka na unga mweupe na chini yake kuna vishimo vidogo vidogo kama tundu la pini. Kijana anayetusaidia anasema tusugue na brashi ya waya, tupige rangi, tuendelee na viti. Ni sawa?
Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Si sawa hata kidogo, mwambie kijana aweke chini hiyo brashi leo leo. Brashi ya chuma inaacha chembe za chuma ndani ya alumini, halafu hizo chembe ndo zinazidisha kutu mahali ulipodhani umesafisha.

Angalia Cessna 172 yoyote utaona kila bawa lina nguzo inayolishikilia kwa chini. 210 tangu modeli ya 1967 haina hiyo kitu, mabawa yote mawili yameshikwa na huo huo mhimili mliouona, yaani uzito wote wa ndege ikiwa hewani unapita hapo juu ya kichwa chako. Na alumini haitoi kutu nyekundu kama bati la nyumba, inatoa unga mweupe, kwa hiyo ule unga uliokushika vidoleni ni mhimili wenyewe unaoliwa. Sponji iliwekwa kupunguza kelele na joto, ila inanyonya unyevu na kuubana kwenye chuma mwaka mzima, sasa kwa hewa ya chumvi ya huko Tanga we piga hesabu mwenyewe.

Vishimo ndo vinanitisha zaidi kuliko unga. Bawa linapepea kila mara ndege ikipita kwenye upepo mbaya, na kila likipepea ufa unatafuta pa kuanzia, na kishimo kama hicho kinatosha. Tarehe 26 Mei 2019 kule Mount Isa, Australia, 210 iliyokuwa kwenye kazi ya upimaji ilikatika bawa ikiwa angani, wote wawili waliokuwemo wakafa. Wachunguzi wakakuta ufa ulioanzia kwenye kishimo cha kutu kwenye mhimili huo huo. Mwaka uliofuata FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, ikaagiza 210 za aina hiyo zikaguliwe mhimili, kwa macho na kwa kipimo cha umeme kinachoona ufa ambao jicho halioni.

Kwa hiyo toeni sponji yote, msibakize hata kipande, gundi iondoeni kwa kikwangulio cha plastiki. Kisha mtafute injinia mwenye leseni na hicho kipimo, yeye ndo ataondoa kutu na kupima umebaki unene gani. Ukiwa umepungua kupita kiwango, mhimili unabadilishwa, hauchomelewi, na hapo jiandaeni maana gharama inaweza kuzidi bei mliyonunulia ndege.

Injini kushika vizuri nimefurahi, ila haisemi lolote kuhusu mabawa. Rangi ndo kabisa, mimi nimewahi kufungua ndege iliyopakwa rangi mpya kabisa, mkiani nikakuta kiota cha panya na bati la chini limetobolewa na mkojo wao, ukilibonyeza kwa kucha linabonyea. Kwa hiyo mkiwa mmeshafungua dari fungueni na sakafu na mkia, mulikeni kwa tochi, riveti (vile vipini vinavyounganisha mabati) yoyote yenye mstari mweusi nyuma yake wekeni alama ya chaki, hiyo imelegea na inacheza. Viti na kitambaa visubiri kwanza. Kipimo kikitoka niandikie, unitajie na modeli kamili iliyoandikwa kwenye kibati cha ndege.