Mgonjwa wa nimonia asiachwe amelala tu, niliyoyaona kwa mzee wangu

Pole sana dada kwa kuuguliwa na mama. Umeuliza kama ni sawa manesi kumkalisha na kumsimamisha bi mkubwa siku ya pili tu ya nimonia na dripu bado iko mkononi. Kwa niliyopitia na mzee wangu hapa Moshi, wakubalie na uwasaidie.

Mzee kalazwa mara mbili. Mara ya kwanza sisi ndugu ndo tuling'ang'ania apumzike, asiguswe, hadi mtori tunamnywesha kalala chali. Homa ikaisha mapema tu ila miguu ikawa haina nguvu kabisa, mtu aliyekuwa anashuka mwenyewe kihambani, shamba letu la nyumbani, akawa anabebwa kwenda chooni, tukakaa wodini siku 11.

Mara ya pili ilikuwa mwezi wa 7, baridi ile ya huku mnaijua. Asubuhi ya pili akaja kijana wa fiziotherapia, yaani mtaalamu wa mazoezi ya wagonjwa, akamkalisha ukingoni mwa kitanda miguu inaning'inia, kile kipimo cha oksijeni cha kidoleni kilikuwa kinasoma asilimia 91 na wote tumekikodolea macho, kikapanda taratibu mpaka 94, na hapo mzee kakaa tu. Akamwambia avute pumzi puani, aishike kidogo, aiachie, halafu akohoe huku kakumbatia mto kifuani, likatoka kohozi zito rangi ya kutu. Kesho yake kafika dirishani anauliza nani anakatia ng'ombe majani. Siku ya 6 tukaruhusiwa.

Kijana alisema ukilala chali muda wote mapafu kwa chini hayajai hewa, makohozi yanatuama, na mzee akilishwa kalala chakula kinaweza kumpalia kikaingia mapafuni. Kuna utafiti wa Marekani wa 2003, wagonjwa wa nimonia waliotolewa kitandani angalau dakika 20 ndani ya masaa 24 ya kwanza walikaa hospitali pungufu kama siku 1 hivi. Anayelipia kitanda keshi anaijua hiyo siku.

Dawa ndo inaua wadudu lakini, sindano zisikatishwe, na mara ya pili tulimuwahisha, hilo nalo lilisaidia.

Usimsimamishe peke yako. Muulize nesi kwanza oksijeni na presha zikoje, akisikia kizunguzungu au akihema sana mrudishe akae. Na kama bado hajaja mtu wa mazoezi, mwombe daktari kwenye raundi ya asubuhi aandike kwenye faili, sisi mara ya kwanza hatukujua kama hiyo huduma inaombwa.