Barua kwa mwanangu: wale wenye kofia

Mwanangu Rehema,

Assalaam alaykum. Ile sauti yako ya dakika sita nimeisikiliza mara mbili. Mara ya pili tulikuwa na mama yako, naye ulipofika kwenye neno "usaili" aliinuka akaenda kuchambua mchele ambao jana yake alikwisha kuuchambua. Umeuliza askari wa barabara kuu wa California walianza lini, wamepangwa vipi, na wanatofautianaje na sherifu na polisi wa mji, maana ukienda usaili wa kazi yao jopo linaweza kukuuliza. Unasema umeniuliza mimi kwa sababu nimepita mbele yao miaka kumi na saba na semi. Kweli nimepita. Lakini dereva hajui historia ya askari, mwanangu. Anajua wanapojificha.

Haya, nakupa nilichookota. Zamani kila kaunti ilikuwa na askari wake wa barabarani, ikikamata inavyotaka. Mwaka 1929 bunge la jimbo likawaweka wote chini ya paa moja, na wa kwanza kuwasimamia alikuwa Eugene Biscailuz, ambaye baadaye akawa sherifu wa Los Angeles. Mwaka 1947 wakapewa idara yao kamili, yenye kamishna anayeteuliwa na gavana. Tofauti yao na sherifu ianzie hapo: sherifu anapigiwa kura na watu wa kaunti yake, kwa hiyo anawaogopa wao, na kamishna anamwogopa gavana. Wana kanda nane. Barabara kuu za mwendo kasi ni zao hata zikipasua katikati ya mji, na barabara za kaunti zilizo nje ya miji ni zao pia. Mwaka 1995 wakawameza Polisi wa Jimbo waliokuwa wakilinda majengo ya serikali, ndiyo maana siku hizi gavana analindwa na watu wa barabarani. Na usije ukajisahau ukasema "trooper" mbele ya jopo. Hilo ni la majimbo mengine, hawa wanajiita "officer". Madereva kwenye redio tuliwaita dubu, kwa ajili ya kofia zao zinazofanana na ya yule dubu wa matangazo ya moto wa misitu, lakini hilo nalo usiliseme.

Kwetu Tanzania ni rahisi: Jeshi la Polisi ni moja, trafiki ni kikosi ndani yake, IGP ni mmoja, basi. Huko kwenu mtu mmoja akikimbizwa kilomita ishirini anaweza kupita mikononi mwa serikali tatu. Usidhani ni mambo ya karatasi. Mwaka 1991, waliomkimbiza Rodney King, dereva mweusi, usiku ule kwenye barabara ya 210 walikuwa askari wawili wa barabara kuu, mtu na mkewe. Alipokwisha kusimama mtaani, sajenti wa polisi wa Los Angeles akawaambia waache, hapo ni kazi ya vijana wake. Kipigo kilichofuata dunia nzima ilikiona kwenye video. Mimi nimewafikiria sana wale wawili waliobaki wakitazama kazi ambayo dakika moja nyuma ilikuwa yao. Wewe ungefanyaje? Jopo lingekuwa langu ningekuuliza hilo tu, hiyo 1929 nisingehangaika nayo.

Mama yako yeye ana lake. Kuna mtu, sijui nani, alimsimulia habari ya Newhall, kaskazini mwa Los Angeles, na tangu hapo hajalala vizuri. Nadhani unaijua: Aprili 1970, askari wanne, vijana wa miaka ishirini na kidogo, waliuawa kwa risasi ndani ya dakika zisizofika tano, na hakuna hata mmoja aliyekuwa ametimiza miaka miwili kazini. Mafunzo yao yalibadilishwa baada ya hapo. Nimemwambia hivyo. Akanijibu, yamebadilishwa kwa damu ya watoto wa nani? Nikanyamaza, nikamletea ungo.

Sasa nikwambie nilichotaka kukwambia tangu mwanzo.

Unaikumbuka Desemba ile ya mwaka 2006, ulikuwa na miaka tisa, shule zimefungwa, nikakuchukua safari ya Reno, jimbo la Nevada. Tajiri alikuwa ameniandikia barua ya kuruhusu abiria, na wewe uliishika kama pasipoti. Wakati wa kurudi ulilala kitanda cha nyuma ya kiti changu, umejifunika khanga ya bibi, ile ya korosho. Nilikuwa nimepakia vigae. Unajua vigae: lori linaonekana nusu tupu, na matairi yanalia.

Ukishavuka mpaka kuingia California, kabla hujaanza kuupanda mlima wa Donner, kuna mizani ya Truckee. Kwetu mizani ni ya TANROADS, wakala wa barabara, kule ni ya wenye kofia. Nikapanda juu ya sahani, taa ikaniambia kaa pembeni. Ekseli za nyuma zilitakiwa zisizidi pauni 34,000, zangu zilizidi kwa karibu elfu moja. Askari akaja mpaka mlangoni, mtu wa makamo, miwani ya kusomea inaning'inia kifuani, akaomba karatasi.

Nikampa leseni na ndani yake noti ya dola ishirini, imekunjwa mara mbili.

Rehema, nilikuwa na miaka sita Marekani. Nilijua. Sikupanga, mkono ulienda wenyewe, mkono uliokwisha kutoa hela ya maji tangu nikiwa utingo wa mjomba Shaaban. Niliigundua noti ikiwa tayari mikononi mwake. Akavaa miwani. Akaifunua, akaitazama kama mtu anayesoma jina la dawa, akaikunja tena kwa mikunjo yangu ileile, akairudisha ndani ya leseni. Kisha akaniandikia faini yote, hakupunguza hata senti. Alipomaliza akasema kwa sauti ya chini, huku akitazama nyuma yangu kwenye pazia la kitanda: ukikutana na mwingine kesho, atakufunga pingu.

Halafu, na hapa ndipo ninapochanganyikiwa mpaka leo, akanisaidia. Pini za ekseli za trela, zile ukizitoa unasogeza ekseli kugawa uzito upya, ziligandana kwa barafu. Alishika ule mtaimbo akiwa na sare yake safi, mimi nikawa napeleka gari mbele na nyuma pole pole, mpaka zikaachia, tukasogeza ekseli, nikapima tena, uzito ukakaa. Akapangusa mikono kwa theluji akaenda zake.

Mjomba Shaaban alikuwa akisema lori hulijui kwenye tambarare. Alinifundisha hilo kwenye mlima wa Kitonga, Iringa, breki zinanuka, mimi nashikilia gogo la kuzuia tairi. Nimekuwa nikilirudia maisha yangu yote, mama yako amelichoka. Lakini mimi nilijulikana hata kabla ya mlima.

Nimejiuliza, yule alikuwa mtu mwema au alikuwa mvivu wa kuandika ripoti? Maana kwa sheria yao rushwa ni kosa la kukamatwa, tena nikiwa na mtoto ndani ya gari. Aliponihurumia, yeye mwenyewe alivunja sheria, au siyo? Kuna siku nasema alikuwa askari bora kuliko wote. Siku nyingine nasema alinidhalilisha akajisikia raha. Na usifikiri nasema wa kule wasafi, wa kwetu wachafu. Pale Kitonga kuna trafiki alisimama na mvua pamoja nasi usiku kucha akiongoza magari, asubuhi nikampa soda, soda yenyewe ya chupa, akaikataa. Lori hulijui kwenye tambarare, na askari vilevile, sare ni kitambaa.

Kwa hiyo ukiniuliza uende au usiende, sikwambii. Jibu ninalo, na mama yako analo la kwake, na kwa mara ya kwanza tangu harusi ya shangazi yako hatukubaliani. Tumeahidiana kukaa kimya mpaka uje Idi, nami, unaona mwenyewe, najitahidi.

Ila kuna kitu kimoja. Nilipoondoka Reno pazia la kitanda nililifunga mimi mwenyewe. Tulipokwisha kuvuka kilele cha Donner nikageuka, nikalikuta limefunguka upana wa kiganja, na wewe umefumba macho kwa nguvu kama mtu anayejifanya amelala. Ulikuwa macho pale mizani? Nijibu hilo kwanza.

Baba yako