Jino likitoboka, usingoje liume

Dada, umeuliza kwa nini majirani zako huku Kayole huenda kwa daktari wa meno kung'oa tu, na kama kuna mahali nafuu. Mahali papo: hospitali ya meno ya Chuo Kikuu cha Nairobi, Barabara ya Argwings Kodhek. Wanafunzi ndio hutibu, wakisimamiwa na wahadhiri wao, na ada huwa chini kuliko kliniki nyingi za binafsi. Tenga siku nzima, maana kila hatua hukaguliwa.

Kung'oa kunatokana na hesabu ya mfuko. Tundu dogo huzibwa kwa kikao kimoja. Likishafika kwenye neva, unahitaji matibabu ya mzizi, yaani kusafisha na kuziba ndani ya jino, mara nyingi vikao kadhaa, na pengine kofia ya jino juu yake. Mtu wa kibarua atatoa wapi? Jirani yangu amepoteza magego matatu hivyo, na yote yangeweza kuokolewa. Inaniuma sana.

Ningekuwa na sauti, ningeanza na maafisa wa afya ya kinywa ya jamii wanaofunzwa KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya tiba nchini Kenya. Waajiriwe kwenye zahanati za mitaa na wazungukie shule za msingi, wazibe mapema.

Na madoa ya kahawia kwa watoto wanaokunywa maji ya kisima? Mara nyingi hiyo ni floridi, madini yaliyomo kwenye maji, iliyozidi wakati meno yakikua, si uchafu. Usikubali mtu ayakwangue. Mpeleke mtoto akaangaliwe.