Kabla Hujapanda Gari la Marsabit

Juzi dada mmoja wa Kongowea ameniandikia: "Dadangu, nimeona picha zako za Ziwa Turkana. Nataka kwenda peke yangu Novemba, nina siku nane za likizo. Nibebe nini?" Nimeusoma ujumbe huo mara tatu. Ni mimi kabisa, mimi wa safari ya kwanza, na ndiyo maana sitaanza na cha kubeba.

Safari ile niliondoka Mombasa mwezi wa Aprili. Nilikuwa na rafiki yangu, tuliyesoma pamoja tangu darasa la kwanza, na ramani kwenye simu. Ramani ilionyesha njia nzuri: Marsabit, Maikona, Kalacha, North Horr, halafu Loiyangalani pale ziwani. Nikahesabu kilomita, nikazigawa kwa siku, nikaona tutafika na kurudi tukabakiwa na siku ya kupumzika. Treni ya Miritini hadi Nairobi, basi la usiku hadi Marsabit, lami njia nzima. Nikajiona nimeiva.

Marsabit ilitupokea kwa ukungu na mvua. Stendi tukaambiwa hakuna gari. Kesho yake, hakuna gari. Siku ya tatu dereva mmoja mtu mzima akanihurumia, akaniuliza, "Mwanangu, unaijua Chalbi?" Nikamjibu ni jangwa. Akanieleza kwamba jangwa hilo ni sakafu ya ziwa la kale. Likiwa kavu, magari hupita juu yake kama yako uwanjani. Likinyeshewa, lori huzama hadi ekseli. Na Aprili ni masika. Mimi mtoto wa Pwani, niliyejua kusi na kaskazi kabla sijajua kusoma, ambaye siingii mashua bila kuuliza upepo ukoje, nilikuwa nimepanga safari nzima bila kuuliza mvua.

Siku ya tano rafiki yangu akapanda basi la kurudi. Aliniambia mbele ya watu kwamba nimempotezea likizo na pesa alizodunduliza mwaka mzima. Nami nikarudi siku mbili baadaye. Tunasalimiana, harusini tunakaa mkeka mmoja, lakini hajaniita shoga yake tena. Pesa zile nilishazisahau. Hilo sijalisahau.

Na kumbe jibu lilikuwa Changamwe. Mjomba wangu ameendesha lori barabara ya Moyale tangu enzi za vumbi, magari yakisindikizwa na askari. Niliporudi akaniuliza, "Mbona hukuniuliza?" Sikuwa na la kusema. Ukweli ni kwamba niliogopa atanikataza kwa kuwa mimi ni mwanamke, nikaona bora ramani, haina mdomo.

Mara ya pili nilianzia kwake. Alasiri nzima, chai ya tangawizi na mahamri, kalamu mkononi. Njia ya Chalbi akaifuta. Ya Maralal na Baragoi akaikataa pia, kwa sababu ya wizi wa mifugo na silaha. Novemba 2012 askari zaidi ya 40 waliuawa Bonde la Suguta, upande huohuo wa Baragoi. Akanipa ya tatu: nishukie Laisamis, kabla ya kufika Marsabit, nishike barabara ya changarawe iliyotengenezwa ili kupitisha mitambo ya umeme wa upepo. Mitambo hiyo iko 365, utaipita njiani. Kisha akanipa nambari ya mama mwenye hoteli pale Laisamis. Nilimpigia kabla sijakata tiketi, nikamuuliza gari la mwisho la Loiyangalani lilipita lini. Dada, swali hilo liandike mahali. Usiulize kama gari lipo, maana utaambiwa lipo. Uliza la mwisho lilipita lini.

Nikaenda Agosti, kwa siku kumi na mbili, tatu kati yake nimeziacha tupu makusudi. Zote tatu ziliisha njiani. Laisamis peke yake nilingoja siku moja na nusu, hadi likaja lori lililokuwa linakwenda kuchukua samaki. Kungoja hakuna hadithi. Lakini tulipoteremka lile genge la mawe meusi ya volkeno, ziwa likajitandaza chini yetu, kijani, kubwa kuliko macho, nililia, na sioni haya kusema. Mimi niliyeambiwa stendi ya Marsabit kwamba sijui kupanga safari, nilifika.

Haya, vya kubeba. Joto letu la Mombasa hukulowesha, kwa hiyo unajua unapoteza maji. La kule hukausha jasho kabla hujalihisi, na unadhani uko salama. Beba maji ya kukutosha siku mbili bila kumtegemea mtu, na tende. Maji ya ziwa yana magadi. Beba noti ndogondogo, kwa sababu mtandao hukatika na wakala huishiwa floti, na elfu moja haina chenji. Mtandio mzito wa kufunika uso. Na hema imara, kwani usiku upepo hushuka kutoka upande wa Mlima Kulal kwa nguvu sijawahi kuiona hata bahari ikichafuka. Langu liling'oka saa nane za usiku.

Lakini narudia, kubeba ni la mwisho. Siku nane hazitoshi, na Novemba ni vuli. Omba likizo Januari au Februari, au ngoja Juni mvua ziishe. Uliza mvua kwanza, kisha uliza usalama, tena kwa watu wanaoishi kule, wiki ileile unayoondoka. Na kama una mjomba, shangazi au jirani aliyepita njia hiyo, nenda ukakae naye hata kama unajua atakugombeza. Mkubali akugombeze.

Nambari ya mama wa Laisamis nitakupa, nimeshamwomba ruhusa. Hema nitakuazima. Vigingi nimenunua vipya, vya chuma, virefu.